Je, Wajua? Mahakama ya Matairi na Wito wa WhatsApp

Je, wajua kuwa mahakama inaweza kukufuata kwa matairi? Mwaka 2019 Tanzania ilizindua Mahakama Inayotembea: magari makubwa mawili, ukumbi wa kesi umo ndani. Nchi nzima yalikuwa mawili tu wakati huo, na moja likaletwa kwetu Mwanza!

Sogea hapa. Mwaka 2018 droni ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara ni kilomita 240, saa 6! Lakini ya kwako usiirushe hapo Kirumba bila kibali, hata kwa picha za harusi. Anga ina mwenyewe, anaitwa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Wajua kuwa karatasi ya kompyuta iliwahi kubishaniwa kortini? Sheria ya Ushahidi ni ya 1967, enzi za madaftari ya benki. Mwaka 2000 Jaji Nsekela akasema taarifa ya benki iliyochapwa na kompyuta nayo ni daftari. Bunge lilikuja kurekebisha sheria yenyewe 2007!

Na zamani zote jaji aliandika maneno ya shahidi kwa mkono, mpaka kidole kiote sugu. Sasa Mahakama ya Tanzania ina programu ya akili mnemba, kazi ya kampuni ya Italia. Inasikiliza Kiswahili na kuandika yenyewe!

Vuka mpaka kidogo. Kenya, tangu 2020, wito wa kesi ya madai unaweza kukufikia kwa WhatsApp. Ukishaingia kwenye simu yako, ndugu yangu, umeitwa!

Uganda nako? Kuanzia Julai 1, 2018, kuingia Facebook au WhatsApp kulitozwa shilingi 200 za huko kwa siku. Kodi hiyo ilidumu miaka mitatu tu.

Wakumbuka usiku wa Juni 16, 2016? Simu feki Tanzania nzima zilizimwa. Bonyeza *#06# uione namba ya utambulisho ya simu yako: kila simu halali ina yake.

Na yule tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Usimjibu. Ripoti namba yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040.

Bado umeishika simu? Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Hesabu vizuri. Zote unazijua?