NILIVYOANZA KUIELEWA FASIHI



Wengi wenu mnafahamu kwamba katika somo la Fasihi mimi nilikuwa miongoni mwa wale wa mkiani. Mtihani wa kwanza wa kidato cha tatu nilipata alama 27 kwa 100. Baba yangu, ambaye ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyarugusu, wilaya ya Geita, aliitazama ripoti ile kitambo, kisha akaniuliza hadithi za kubuni zina faida gani kwa mtu ambaye nauli yake hutoka shimoni. Sikuwa na jibu. Nataka sasa kueleza kilichonikwamisha, maana yamkini wadogo zetu wa kidato cha pili wamo katika tope lile lile.

Kosa langu lilikuwa kukariri vijitabu vya uchambuzi. Humo dhamira, ujumbe na wahusika vimekwisha kupangwa, kazi ya mwanafunzi ni kumeza tu. Tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, niliijibia maswali miezi mingi pasipo kuifungua. Siku moja mwalimu akaniuliza mbele ya darasa, "Karatasi za sensa zilipotiwa motoni, nani alipata hasara?" Nami nikajibu, "Dhamira ni mapenzi, mwalimu." Darasa zima liliangua kicheko.

Usiku ule wakati wa prepo nikakisoma kitabu chenyewe. Wala si kirefu. Ngoswe ni karani kijana aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Kufika huko akampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, kazi ikalegea, na mwisho mzee kwa hasira akazichoma karatasi zote. Nikakumbuka sensa ya Agosti 2022, ambayo ilipata watu 61,741,120 katika Tanzania nzima. Karani aliyekuja kwetu alibeba kishikwambi, hakuna karatasi ya kuchoma. Lakini machimboni kuhesabu watu si jambo jepesi. Dhahabu ikisikika mahali, watu humiminika kwa siku chache, na hiyo ndiyo wachimbaji huita rashi. Ikikatika, kila mtu hufunga mzigo wake. Na serikali hupanga madarasa na visima kwa hesabu ya watu. Katika shule ya msingi niliketi dawati moja na wenzangu watatu. Basi nikaona kwamba moto ule haukumuunguza Ngoswe peke yake, uliwaunguza hata watoto wa kijiji ambao hawakujua kuna karatasi.

Hayo hayakuwamo katika kijitabu changu.

Jambo la pili nililipata likizo kwa babu, huko Kishapu. Zamani alikuwa mtunzi wa nyimbo upande wa Bagika. Kwetu Usukumani wachezaji ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na husimuliwa kwamba pande hizo zilianzishwa na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno makundi mawili hucheza siku moja, karibu karibu, kila moja na mtunzi wake. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Nikamwuliza babu ilikuwaje akashindwa siku fulani. Hakusema "bahati mbaya." Alieleza kwamba wimbo wake ulikuwa na maneno mengi mno, watu hawakuweza kuupokea, wakahamia kwa mwenzake mmoja mmoja.

Nikashangaa. Hadhira iliyohama na babu aliyejua kwa nini ilihama, wote walikuwa wahakiki! Tangu hapo kila nikiandika kwamba mwandishi amefaulu au hakufaulu, hujiuliza: ningebaki uwanjani, au ningehama, na kwa sababu ipi?

Muhula uliopita nilipata alama 61. Ushairi bado unanisumbua. Mizani nahesabu vema, ila kueleza kwa nini mshairi amevunja kina mahali fulani, hapo kalamu husimama.

Likizo hiyo nilimsomea baba Ngoswe jioni mbili, akisikiliza huku akinoa patasi. Hakusema neno. Asubuhi, kabla ya kwenda kwenye karasha, akasimama mlangoni na kuniuliza, "Hivi huyo karani, akirudi kwa mkubwa wake atasema nini?" Nikatoa maoni yangu, akayakataa, nikampa sababu, naye akatoa zake. Chai ikapoa.