Waskoti walio mbali na Uskoti

Wazao wa Waskoti wanaoishi nje ya Uskoti ni wengi kuliko wakaaji wa nchi yenyewe, ambao ni kama milioni 5 na nusu. Wamejaa Kanada, Marekani, Australia na Nyuzilandi. Baadhi ya babu zao waliondolewa mashambani katika karne ya 18 na 19, wenye ardhi walipotaka malisho ya kondoo. Wengine walifuata kazi, biashara au umisionari. Misheni ya Waskoti ilihamia Kikuyu, Kenya, mwaka 1898. Nairobi, walowezi Waskoti walianzisha kanisa la St Andrew's na chama cha Caledonian, chenye karamu na dansi za kwao. Mtu wa Katoyi, mtaa wa Goma huko Kongo, hatapata shida kukielewa chama hicho: Wanande wa Goma, walio mbali na Butembo na Lubero, nao wana chama chao, Kyaghanda.

Karamu kubwa ni ya tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759. Rafiki zake waliifanya mara ya kwanza mwaka 1801, miaka mitano baada ya kumzika. Chakula chake ni hagisi: moyo, maini na mapafu ya kondoo, vilivyokatwakatwa, vikachanganywa na nafaka, vitunguu na pilipili manga, kisha vikachemshwa ndani ya tumbo la kondoo huyo. Mpiga zumari ya mfuko hutangulia, mpishi hufuata na sahani, na wageni wote husimama. Mmoja wao huighania hagisi shairi la Burns, na anapofika mahali panapohusika hulipasua tumbo kwa kisu.

Siku hiyo wanaume huvaa kilti, sketi ya sufu yenye miraba. Baada ya waasi wa Kiskoti kushindwa vitani huko Culloden mwaka 1746, serikali ililipiga marufuku vazi hilo, isipokuwa kwa askari, hadi 1782. Desturi ya kila ukoo kuwa na miraba yake ilienea baadaye, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Kwa hiyo miraba mingi ni mipya kuliko wavaaji wanavyodhani. Hilo haliwapunguzii kitu: walinyang'anywa vazi, wakalishona upya, na ni lao kweli.

Zumari nayo ilisafiri na majeshi ya Uingereza, ikapata wapigaji wasio na babu Mskoti. Huko Oman wako wanaoipiga wakiwa juu ya ngamia.