Kupanga Vitabu kwa Mada: Kazi ya Mwalimu

Katika shule moja ya msingi tulipata kuona kabati la vitabu lililopangwa kwa unadhifu mkubwa: vitabu virefu chini, vifupi juu. Mtoto mmoja alitaka kujua habari za nyuki. Alitazama, asione kitu, akaenda zake. Kitabu cha nyuki kilikuwamo, nyuma ya atlasi. Kwa mtoto yule, kitabu kisichopatikana kilikuwa sawa na kitabu kisichokuwapo. Ndiyo maana twasema kwamba kupanga vitabu ni sehemu ya ufundishaji.

Zamani maktaba nyingi zilikipa kila kitabu mahali pa kudumu katika rafu. Rafu ilipojaa, kitabu kipya kiliwekwa mbali na vingine vya mada yake. Mwaka 1876 Melvil Dewey, aliyefanya kazi katika maktaba ya Chuo cha Amherst huko Marekani, alichapisha mpango ambao namba yake hutaja mada, wala si rafu. Elimu yote imegawanywa katika mafungu makuu kumi, kila fungu katika sehemu kumi, na kila sehemu katika vijisehemu kumi. Kisha hufuata nukta, na tarakimu huongezwa kadiri mada inavyozidi kuwa finyu. Hivyo 600 ni elimu ya matumizi na ufundi, 630 ni kilimo, na 636 ni ufugaji wa wanyama. Kitabu kipya huingia kati ya vingine pasipo kuvuruga mpango.

Hatuna budi kukumbuka kwamba mpango huu hugawa kwa fani za elimu. Kitabu kielezacho mwili na maisha ya nyuki hukaa 595.7 pamoja na wadudu wengine. Kile kifundishacho kufuga nyuki hukaa 638.1. Kwa kuwa jambo moja laweza kuwa mahali pawili, maktaba huweka katalogi ya kumwelekeza msomaji kote.

Aidha, kila mpango hubeba mtazamo wa aliyeutunga. Katika fungu la dini, sehemu za 220 hadi 280 zahusu Biblia na Ukristo. Uislamu umepewa 297, na dini za jadi za Kiafrika zimo 299. Katika fungu la lugha, lugha kadhaa za Ulaya zina sehemu nzima kila moja, bali Kiswahili kimo 496.392. Hiyo si sababu ya kuutupa mpango, kwani wenyewe huruhusu maktaba kuipa lugha au dini ya mahali nafasi ya mbele. Ni sababu ya mwalimu kuutumia kwa kufikiri.

Kwa kabati la shule, tarakimu tatu zatosha. Somo laweza kufundishwa hivi:

1. Wape wanafunzi vitabu ishirini visivyo na namba, wavigawe katika mafungu wapendavyo, na kila kikundi kieleze sababu zake.

2. Wakihitilafiana, usitoe jibu upesi. Kitabu cha hadithi za sungura wengine watakiweka pamoja na wanyama. Waulize: je, kitabu hiki chafundisha kufuga sungura, au chasimulia ngano? Ngano zina mahali pake, 398.2.

3. Bandikeni namba kwenye migongo ya vitabu, na mwandike katika daftari orodha ya mada pamoja na namba zake.

4. Mtume mwanafunzi mmoja mmoja atafute jibu la swali fulani, akianzia kwenye orodha.

Somo hili halihitaji vitabu vingi wala fedha. Lakini mtoto aliyejifunza kuuliza "jambo hili ni la fani gani?" amekwisha kuanza kujitafutia elimu, na siku mwalimu atakapokuwa hayupo, ataweza kuliendea kabati peke yake.