ENGAÑAR: neno moja la Kihispania juu ya udanganyifu

Wengi wetu tunasoma Mutakatifu Ignasi wa Loyola na Mutakatifu Teresa wa Avila katika Kifaransa tu. Lakini wao waliandika Kihispania. Katika luga hiyo kuna neno moja lenye kufaa kujulikana vizuri: engañar, ni kusema kudanganya.

1. Matamko yake. Herufi ñ inasomwa kama ny katika neno nyama. Basi: engaño, ninadanganya; engañas, unadanganya; engaña, anadanganya. Udanganyifu wenyewe unaitwa engaño vilevile.

2. Tusilichanganye na mengine. Mentir ni kusema uwongo. Engañar ni kumufanya mutu asadiki lisilo kweli, hata pasipo neno la uwongo. Tukumbuke wana wa Yakobo (Mwanzo 37). Walichovya kanzu ya Yosefu katika damu ya mbuzi, wakauliza baba yao kama ni ya mwana wake. Kanzu ilikuwa ya Yosefu kweli, na kuuliza si kusema uwongo. Lakini muzee alidanganywa, akalia siku nyingi.

Wafaransa wanasema se tromper kwa kila kosa. Wahispania wanatenganisha: equivocarse ni kukosea tu, kama mutu anayebisha mulango usio wake, engañarse ni zaidi kujidanganya. Na decepcionar si kudanganya, ni kuvunja tumaini la mutu.

3. Faida kwetu. Katika Mazoezi ya Roho, kitabu kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kuna fikara ya Bendera Mbili. Pale Ignasi anataka tuombe neema ya kujua engaños za adui. Tena anatuonya kwamba adui anaweza kumuletea mutu mwema mawazo mema kwanza, kisha kumuvuta polepole kwenye mabaya. Kusali ni kuzuri. Lakini yule anayesali ili asiende kutazama wagonjwa, amekwisha kunaswa.

Nilipokuwa katika seminari kubwa, nilijibu maulizo ya kiongozi wangu wa roho kwa maneno ya kweli tu. Lakini nilichagua yale yenye kunipa sifa, mengine nikanyamaza. Nilitoka na moyo mutulivu: sikusema uwongo! Kweli, sikusema. Lakini nilimudanganya mutu aliyetumwa kunisaidia, na kisha yeye nikajidanganya mimi mwenyewe.

Kwa hiyo, katika kitubio, mutu akisema: «Padri, sikusema uwongo,» tusiishie hapo. Tumuulize kwa upole: «Ulitaka mwenzako asadiki nini?» Mara nyingi zambi iko katika jibu hilo.

Wahispania wana neno la mwisho: desengaño. Ni kufunguliwa macho, udanganyifu ukianguka. Neno hilo lina uchungu, kwani kile tulichopenda kusadiki kinatutoka. Walakini anayeikubali saa hiyo ameanza kuponyeka. Tusiiogope, ndugu, tuiombe.