Je, Wajua? Ndugu wa Kifua Kikuu Wanaoishi Majini

Je, wajua kwamba vimelea vya kifua kikuu (TB) na vya ukoma vina jamaa wengine karibu 200? Wote ni wa ukoo wa maikobakteria. Jamaa hao makao yao ni maji na udongo, na wengi hawamdhuru mtu. Wachache, wakipata nafasi, hushambulia mapafu, tezi, ngozi hata mifupa.

Je, wajua kwamba klorini haiviui vimelea hivi kwa urahisi? Ganda lao lina mafuta mazito kama nta, nalo huvikinga. Hivyo hustawi katika utelezi unaoganda ndani ya mabomba. Mwaka 2000 huko Watsonville, California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walitokwa na majipu miguuni. Kimelea kilichokutwa kwenye mabeseni ya kuoshea miguu kilikuwa Mycobacterium fortuitum, na waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda saluni walikuwa katika hatari zaidi. Kwa kuwa vimelea hivi huishi katika maji ya bomba, vifaa vya upasuaji havipaswi kusuuzwa kwa maji ya bomba baada ya kutakaswa.

Je, wajua kwamba hadubini haiwezi kuvitofautisha na vimelea vya TB? Makohozi yakitiwa rangi maabara, vyote huonekana vijiti vyekundu. Hapo ndipo penye hatari kwetu, maana mgonjwa anayekohoa na kukonda huandikiwa dawa za TB, anazimeza miezi, hapati nafuu, kisha anahesabiwa kuwa na TB sugu. Mashine ya GeneXpert husaidia, kwa kuwa hutafuta vinasaba vya TB peke yake. Hadubini ikiona vijiti na GeneXpert ikasema hakuna TB, daktari ana sababu ya kuwashuku ndugu hawa. Hata hivyo, makohozi yenye vimelea mara moja hayatoshi, maana huenda vimetoka kwenye maji tu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unataka dalili, picha ya kifua, na vimelea vya aina moja vioteshwe kutoka sampuli mbili za makohozi zilizochukuliwa kwa nyakati tofauti.

Tiba ya maambukizi haya ni ndefu. Kwa Mycobacterium avium ya mapafuni, mgonjwa hutumia azithromaisini, ethambutoli na rifampisini, na huendelea mwaka mzima baada ya makohozi kuwa safi. Mycobacterium abscessus ni sugu kwa karibu dawa zote za TB. Kwa anayeishi na VVU, kinga bora ni kumeza ARV bila kukatiza, kwa sababu Mycobacterium avium huenea mwilini pale kinga inaposhuka mno.

Je, wajua kwamba ugonjwa unaoletwa na mmoja wao umepewa jina la eneo la Uganda? Mwaka 1897 daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, Kampala, alieleza vidonda vya ajabu vya ngozi. Mwaka 1948 watafiti wa Australia wakakitambua kimelea chenyewe, Mycobacterium ulcerans. Katika miaka ya 1960 wagonjwa walikuwa wengi sana Buruli, karibu na Nile, na jina likabaki: kidonda cha Buruli. Wakimbizi wa Rwanda waliowekwa Kinyara, nchini humo humo, waliugua pia. Chanjo ya BCG ilijaribiwa Uganda, ikatoa kinga kiasi, tena ya muda mfupi.

Kimelea hiki hupenda joto la nyuzi 29 hadi 33, pungufu ya joto la ndani ya mwili, kwa hiyo hukaa kwenye ngozi, hasa ya mikono na miguu. Hutoa sumu iitwayo maikolaktoni, ambayo huua nyama na wakati huohuo hufisha hisia. Kidonda kinapanuka, mtu haumwi! Barani Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wa chini ya miaka 15, na wanaochelewa hubaki na viungo vilivyokakamaa. Zamani tegemeo lilikuwa kisu cha daktari. Leo rifampisini na klarithromaisini kwa wiki nane huponya wengi, hasa kidonda kikiwa bado kidogo.

Mtoto wako akiwa na uvimbe mgumu usiouma, au kidonda kisichopona, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Usingoje alie kwa maumivu.