Kuunda Tovuti Sahili: Mfano wa Ukurasa juu ya Migomba ya Maruku

Maruku, katika Wilaya ya Bukoba mkoani Kagera, ni mahali panapojulikana sana na wataalamu wa kilimo kwa sababu ya kituo chake cha utafiti. Kituo hicho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na hushughulika hasa na zao la mgomba. Kandokando yake yapo mashamba ya kaya yaitwayo vibanja, ambamo mgomba ni chakula, ni kinywaji, na ni fedha ya karo. Maarifa yapatikanayo kituoni hayana faida mpaka yamfikie mwenye kibanja. Mabwana shamba, redio na mikutano ya kijiji hufanya kazi hiyo. Njia nyingine, iliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari, ni tovuti.

Tovuti ni nini?

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya fizikia ya CERN karibu na mji wa Geneva, alipendekeza utaratibu wa kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 utaratibu huo ulianza kutumiwa nje ya maabara, na mwaka 1993 CERN ilitangaza kuwa mtu yeyote aweza kuutumia bila malipo. Hii ndiyo sababu mwanafunzi wa Kagera hahitaji kununua leseni ili aandike ukurasa wake.

Ukurasa wa tovuti ni faili ya maandishi ya kawaida. Ndani yake mna maneno ya mwandishi pamoja na alama za lugha iitwayo HTML. Alama hizo huandikwa kati ya alama mbili za hesabu, ya «ndogo kuliko» na ya «kubwa kuliko». Alama yenye h1 hutangulia kichwa kikuu cha habari. Yenye p hutangulia aya. Yenye img huita picha. Na yenye a hufanya kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Kichwa, aya na kiungo hufungwa mwishoni kwa alama ileile iliyoongezwa mkwaju. Programu iitwayo kivinjari huzisoma alama hizo na kuupanga ukurasa kiooni. Faili ikiisha kuhifadhiwa kwa jina index.html, yaweza kufunguliwa katika kompyuta ileile hata pasipo intaneti. Kwa hiyo shule yenye kompyuta moja tu yaweza kufundisha somo hili.

Kazi huanza katika karatasi

Na uchukuliwe mfano wa ukurasa juu ya mnyauko bakteria wa migomba, ugonjwa ambao wakulima wa Kagera huuita unyanjano. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukaingia Kagera. Majani hunyauka na kugeuka rangi ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa majimaji mazito ya njano. Mmea ulioambukizwa hauna dawa ya kuuponya.

Anayeanza kuunda tovuti mara nyingi hushughulika kwanza na rangi, mapambo na maneno ya makaribisho. Huo ni mpango uliopinduliwa. Mkulima aliyeona jani la njano asubuhi ana maswali matatu tu: Je, ndio huo ugonjwa? Nifanye nini leo? Nisifanye nini? Ukurasa mzuri huyajibu maswali hayo kwa mfuatano huohuo, na historia ya ugonjwa hufuata baadaye.

Swali la kwanza hujibiwa kwa kipimo ambacho mkulima aweza kukifanya mwenyewe. Apasue ndizi changa: katika mnyauko bakteria nyama ya ndani huwa na madoa ya kahawia. Kipimo hiki ni muhimu, kwani mnyauko fuzari, unaosababishwa na kuvu aishiye udongoni, nao hugeuza majani kuwa ya njano, lakini hauozeshi ndizi. Swali la pili hujibiwa kwa vitendo: kukata shina lililougua usawa wa ardhi, na kuondoa ua dume mara tu chane ya mwisho itokeapo, kwa kijiti chenye panda. Wadudu wafuatao utamu wa ua hilo hubeba bakteria toka mgomba hadi mgomba. Swali la tatu hujibiwa kwa onyo: panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse mgomba mzima kabla ya kupitishwa motoni.

Hapa yaonekana uzito wa mpango. Mkulima asomaye «kata mgomba ulioathirika», akaenda na panga kabla ya kulifikia onyo lililofichwa chini ya ukurasa, aweza kuueneza ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Basi, onyo na liwekwe katika sentensi ileile inayotaja kukata.

Hesabu ya uzito

Msomaji wa Maruku huenda akaufungua ukurasa kwa simu, mahali ambapo mtandao ni hafifu, naye hulipia kila kipimo cha data. Maneno 600 ya Kiswahili huchukua baiti zipatazo 4,000, kwa kuwa kila herufi huchukua baiti moja. Picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kuchukua baiti 3,000,000. Kila baiti ni biti 8. Iwapo mtandao hupitisha biti 100,000 kwa sekunde, maneno yatafika kwa theluthi moja hivi ya sekunde, lakini picha itachukua sekunde 240, yaani dakika 4.

Dawa yake ni kupunguza vipimo vya picha. Picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ikipunguzwa kuwa 800 kwa 600, idadi ya nukta hupungua mara 25. Uzito nao ukipungua kwa kadiri hiyo, picha itafika kwa sekunde zisizozidi 10. Picha moja iliyo wazi, ya ndizi iliyopasuliwa, yatosha. Chini yake yaandikwe maelezo, ili asiyeipata picha apate maana.

Mambo matatu madogo yasisahauliwe. Mwanzoni mwa faili itajwe lugha kwa herufi sw, ili kivinjari kijue kuwa maandishi ni ya Kiswahili. Uwekwe pia mstari wa viewport, unaoiagiza simu kupanga ukurasa kwa upana wa kioo chake. Bila huo herufi huwa ndogo mno. Tena, maandishi yawe meusi juu ya weupe, kwani kioo husomwa juani.

Kabla ya kuchapishwa

Ili ukurasa usomwe na watu wote, faili huwekwa katika seva, yaani kompyuta iliyo wazi kwenye mtandao wakati wote, na hupewa anwani. Anwani za Tanzania huishia na tz; shule hutumia sc.tz, na ofisi za serikali go.tz.

Ukurasa wa afya ya mimea usichapishwe kabla ya kusomwa na mtaalamu, na tarehe ya kukaguliwa iandikwe juu yake, maana ushauri hubadilika utafiti unapoendelea. Jina au picha ya mwenye shamba lililougua visitolewe bila idhini yake. Hayo ni matakwa ya adabu, na taarifa za mtu zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Zoezi kwa darasa

1. Andikeni katika karatasi majibu ya maswali matatu ya mkulima, kwa maneno yasiyozidi 120.

2. Picha ina baiti 1,500,000. Itachukua sekunde ngapi kufika, mtandao ukipitisha biti 200,000 kwa sekunde?

3. Undeni ukurasa wenu, kisha mpeni mzee asiyejua kompyuta ausome katika simu. Msimweleze lolote. Mwulizeni atafanya nini kwanza shambani. Jibu lake likiwa sahihi, ukurasa umefaulu. Likiwa sivyo, rudini kwenye karatasi.