Bawabu wa Kompyuta: Istilahi za Kuingia na Kutoka

Miongoni mwa maandishi ya kompyuta yanayomfikia mfasiri wa leo, yako yanayohusu programu ile ionekanayo kwanza mashine inapowashwa, ikamtaka mtumiaji ataje jina lake na nywila. Katika mifumo ya jamii ya Unix programu hiyo ina jina la Kiingereza ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "meneja wa kiwambo". Tafsiri hiyo haimfai mwalimu wala karani, kwani atadhani ni programu ya kurekebisha mwanga au ukubwa wa maandishi.

Jina hilo lina historia yake. Mfumo wa madirisha uitwao X ulianzishwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani. Kwa mpango wake, kiwambo, kibodi na kipanya vyaweza kuwa mezani pa mtumiaji, ilhali programu anazozitumia zinaendeshwa na kompyuta nyingine iliyo mbali. Ilihitajika, basi, programu ya kuvisimamia viwambo hivyo. Mwaka 1988, pamoja na toleo la X11R3, ikatoka XDM, iliyoandikwa na Keith Packard. Baadaye zikafuata GDM, LightDM, SDDM na nyinginezo. Kazi yake hasa ni kuonyesha dirisha la kuingilia, kumpokea mwenye nywila sahihi, kumwanzishia kazi zake, na akisha kutoka, kulirudisha dirisha lile kwa ajili ya mwingine. Mtu afanyaye kazi ya namna hiyo mlangoni, Kiswahili kinamwita bawabu tangu zamani. Twapendekeza *programu-bawabu*, ipatanishwe katika ngeli ya programu, pasiwe na ubishi kama ni "bawabu huyu" au "bawabu hii".

Kitenzi *sanidi* kimekwisha kuzoeleka, na hatuoni sababu ya kukibadili. Kisichanganywe tu na *sakinisha*, yaani kuiweka programu katika mashine kwa mara ya kwanza. Kusanidi hufuata, nako aghalabu ni kuhariri faili. Katika Debian, njia ya programu-bawabu iliyochaguliwa huandikwa katika /etc/X11/default-display-manager. Katika FreeBSD, XDM yaweza kuwashwa kwa kuifungua /etc/ttys na kubadili off kuwa on katika mstari wa ttyv8. Maneno ya namna hii yasifasiriwe kamwe. Mashine haisomi Kiswahili, na mwongozo utakaomwelekeza msomaji aandike "washa" mahali pa on utamharibia kazi.

Yale yanayosomwa na binadamu ndiyo yanayotaka fikira. Katika Fedora, GDM husanidiwa katika /etc/gdm/custom.conf. Chini ya sehemu ya [daemon], mtu akiandika AutomaticLoginEnable=True, na katika mstari mwingine AutomaticLogin=, likifuatiwa na jina la mtumiaji, mashine itamfungulia mtumiaji huyo kila inapowashwa. Wafasiri wengi wangeandika "kuingia kiotomatiki", neno linalosikika kama sifa njema ya mashine. Sisi twapenda *kuingia bila kuulizwa nywila*. Ni refu, lakini linamwambia mkuu wa ofisi kwamba yeyote atakayebonyeza swichi atazikuta faili za mwenyewe.

Tatizo kubwa zaidi limo katika neno dogo, *funga*. Hutumiwa kwa kufunga dirisha la programu, kwa kukizuia kiwambo kwa nywila, na hata kwa kutoka kabisa. Tuseme karani wa mishahara amesoma katika mwongozo, "Funga kabla ya kuondoka." Atalifunga dirisha la barua aliyokuwa akiiandika, aende zake kula, huku orodha ya mishahara iko wazi kwa kila apitaye. Karani huyo hakukosea, ametii alichoandikiwa. Kwa hiyo twapendekeza *funga* libaki kwa dirisha tu. Kukizuia kiwambo, kazi zikiendelea nyuma yake, kuitwe *kukomea*, kama mlango unavyokomewa na aliyemo au atakayerudi. Kuondoka kwa kumaliza kazi zote kuitwe *kutoka*, na kuikatia mashine umeme kubaki *kuzima*.

Muda baina ya kuingia na kutoka wengine huuita "kikao". Kikao ni cha watu wengi wenye ajenda, ilhali hapa yuko mtu mmoja na mashine yake. *Kipindi* chatosha, na walimu wamekwisha kulizoea kwa maana iliyo karibu.

Istilahi hiyo yahitajika pale mfasiri anapofikia agizo la kuianzisha upya programu-bawabu baada ya kuisanidi, ambalo katika mifumo itumiayo systemd ni systemctl restart display-manager. Agizo hili halizimi mashine, lakini kwa kawaida hukatiza kipindi cha kiwambo kilichopo, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Onyo hilo mfasiri aliweke kabla ya agizo, kwani wasomaji wengi hutekeleza mstari wa kwanza kabla ya kuusoma wa pili.